Berlin mwezi wa kwanza, mi peke yangu na mjusi wa Lindi

Kila niliyemwambia naenda Berlin aliuliza swali lile lile, mwezi huu wa kwanza? Ndio, mwezi huu huu, maana kazi ndio iliyonipeleka Ujerumani na kazi haiangalii majira. Tulikuwa na warsha mji mwingine kabisa huko magharibi, ikaisha Alhamisi mchana, ndege ya kurudi Dar bado ina siku zake, wenzangu wakaamua kulala na kununua chokoleti za kupeleka nyumbani, mi nikabeba kibegi changu nikapanda treni. Sina mwenyeji, sina ratiba, nina kitanda tu nilicholipia kwa simu na orodha fupi ya sehemu za kwenda, na hiyo orodha ntakuja kuieleza kwa sababu haikuwa ya mnara wa televisheni wala ukuta.

Niseme mapema tu, mi nimeipenda Berlin ya baridi. Sio kwamba ni nzuri, sio nzuri kabisa, mbingu iko chini rangi ya sufuria ya zamani kutwa nzima, miti mikavu haina hata jani. Ila watalii hawapo, foleni hakuna, vyumba vimeshuka bei, na mji wenyewe hauna muda wa kukufurahisha, uko kwenye shughuli zake na we unapita tu katikati. Na kwenda peke yako msimu huo kuna raha yake ambayo watu hawaisemi. Kutembea na watu ni kikao kisichoisha, huyu kachoka, huyu ana njaa, huyu anataka picha hapa, yule anauliza choo kiko wapi. Peke yako ukitaka kusimama nusu saa mbele ya kitu kimoja unasimama, na ukitaka kulala saa moja jioni unalala, nani atakuuliza.

Tuongelee baridi kwanza tuimalize. Jua linachomoza saa mbili na dakika kama kumi asubuhi, na ikifika saa kumi na robo jioni limeshazama, yaani mchana mzima ni saa nane tu na hapo nasema jua kwa heshima, sikuliona. Kwa sisi tunaoswali ndio unaona vituko, Adhuhuri saa sita na robo, Alasiri imeingia kabla ya saa nane na nusu, Magharibi hiyo hapo, Isha saa kumi na mbili na kitu, swala zinafukuzana, hujakauka maji ya udhu huyu ameshafika mwingine. Alfajiri sasa, unaamka kwa raha zako kabisa maana mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndio kwanza inaingia.

Nguo nilivaa hivi: taiti mbili, suruali, fulana ya mikono mirefu, sweta, khanga nimejifunga kiunoni ndani ya sweta (usicheke, khanga inazuia upepo wa mgongoni kuliko hizo fulana za bei mbaya), koti la kuazima, skafu, kofia ya sufu juu ya mtandio, glavu. Na bado pua ni yako mwenyewe, haina nguo. Simu nayo inasikia baridi, inaonyesha chaji asilimia 40 mara paa imezima ikiwa mkononi, ukiiweka kwenye joto inafufuka, kwa hiyo nikawa naiweka ndani kabisa karibu na mwili na njia naikariri kichwani kabla sijatoka. Chini wanamwaga vikokoto vidogo vidogo juu ya barafu ili watu wasiteleze, chumvi raia wa kawaida haruhusiwi kumwaga mbele ya nyumba yake maana inaua miti, basi mji mzima ukitembea ni kwacha kwacha kwacha, na usiku ukivua buti unavikuta vimejaa kwenye mistari ya soli. Kingine kilichonichekesha ni miti ya Krismasi. Sikukuu ikishapita wanaitoa nje na kuitupa pembeni ya barabara isubiri gari la taka, kwa hiyo kila mtaa miti imelala kifudifudi, mingine bado ina uzi wa dhahabu. Niliambiwa tembo wa pale zuu wanapelekewa ile ambayo haikuuzwa wanaitafuna. Nikasema sawa, angalau kuna wanaofaidi.

Sasa siri ya kuishi Berlin wakati wa baridi ukiwa na hela ya mawazo ni Ringbahn. Ni treni inayozunguka katikati ya mji, S41 inaenda kwa mwendo wa saa, S42 kinyume chake, kilomita 37, vituo 27, na mzunguko mmoja ni kama saa nzima. Ukiwa na tiketi ya kutwa unapanda, unakaa kwenye kiti chenye joto linatokea chini ya mapaja, unazunguka mji mzima bila kushuka. Nimeona Berlin zote kwenye dirisha lile, viwanda vya zamani, majengo ya ghorofa ya kijamaa, bustani za watu zenye vibanda vidogo vimefungwa mpaka machipuko, reli juu ya reli. Wanafunzi wanalala humo, mzee mmoja alikuwa anakula yai la kuchemsha taratibu na chumvi yake kwenye karatasi, hana haraka hata kidogo. Kuna watu wanaopita na mifuko mikubwa wakiokota chupa tupu, maana chupa ya plastiki au kopo ukirudisha dukani unapewa senti 25, na nikaona wenyeji ukimaliza soda yako huitupi ndani ya pipa, unaiacha imesimama pembeni ili mwokotaji asiingize mkono kwenye taka. Nikawa nafanya hivyo na mimi. Halafu tiketi, jamani, vituoni hakuna geti, hakuna mtu mlangoni, unajipitia tu mpaka unadhani ni bure. Sio bure. Ile ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, na wakaguzi wanavaa kama mimi na wewe, jinzi na begi mgongoni, mlango ukifunga tu ndio wanatoa kitambulisho. Faini euro 60. Niliona vijana wawili watalii wanaeleza kwa mikono na miguu, mkaguzi anawasikiliza vizuri kabisa huku anaandika.

Orodha yangu sasa. Mimi ni mtu wa Lindi. Mtu wa Lindi akifika Berlin kuna ndugu yake lazima akamsalimie, na mjomba alishanitumia voisi kabla hata sijatoka Dar: "We mama, ukifika huko usije ukarudi hujamuona mjusi wetu. Na umuulize anarudi lini."

Mjusi, yaani yule dinosaria wetu, yuko Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili, Invalidenstraße, unashuka kituo kina jina hilo hilo la makumbusho kwenye U6, treni ya chini ya ardhi. Jumatatu wanafunga, zingatia. Unalipia, unavua koti, unapita mlango na hapo hapo uko naye uso kwa uso, au niseme uso kwa goti, maana goti lake ndio liko usawa wa macho yako na kichwa kiko huko juu karibu na paa la kioo. Mita 13.27 kwenda juu. Ndio mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani, jina lake la kitaalamu Giraffatitan brancai, umri kama miaka milioni 150, na ametoka Tendaguru, kilima kiko huko kwetu kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Na hayuko peke yake, pembeni kuna yule mwenye miiba mgongoni, Kentrosaurus, kuna Dicraeosaurus, kuna mwembamba mbio mbio Elaphrosaurus, wote hao ni wa Tendaguru. Karibu ukumbi mzima ni Lindi! Mi nimekaa pale kwenye benchi nimezungukwa na watoto wa Kijerumani wanapiga kelele za furaha, nikawa naona ajabu, nimesafiri bara zima nimekuja kukaa na watu wa kwetu.

Nilikaa muda mrefu, na peke yako ndio unaweza kukaa hivyo. Ukiangalia kwa karibu utaona mifupa ya miguu ina rangi ya kahawia iliyokolea, imepasuka pasuka na imejazwa plasta, sehemu za shingo ni za kuigiza kwa sababu zile halisi ni nzito na dhaifu haziwezi kuning'inia. Paja moja tu ni refu kuniliko. Hapo ndio nikaanza kupiga hesabu za mabega. Uchimbaji ulifanyika 1909 mpaka 1913, wakuu wake Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliochimba ni mamia ya watu wa kule, na msimamizi wao alikuwa mtu anaitwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye mikono yake ndio ilijua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 zilitoka pale. Gari hakuna, reli hakuna, wanyama wa kubeba wanakufa kwa ndorobo, kwa hiyo vyote vilifungwa, vingine kwa mianzi, vikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi vikapakiwa melini. Na angalia mwaka. 1909. Vita vya Maji Maji vimeisha 1907, nchi ya kusini imechomwa mashamba na maghala, njaa imeua watu kuliko risasi, na ndio watu hao hao waliobaki wanaenda kuomba kibarua cha kubeba mifupa. Kwenye hayo mabango ya ukutani siku hizi wanaeleza kiasi fulani kuhusu ukoloni, sio kimya kama zamani, hilo nawapa. Ila mtoto wa miaka saba hasomi bango, anaangalia juu.

Suala la kurudishwa limeulizwa sana bungeni Dodoma miaka na miaka, na mi sina jibu la mjomba. Nikiwa pale nilijiuliza tu kwa ubinafsi, akirudi atawekwa wapi, Lindi au Dar? Maana tunajuana. Akiwekwa Dar sisi wa kusini tutakuwa tumeibiwa mara ya pili.

Nikatoka pale saa nane hivi, mwanga wenyewe umeshaanza kuchoka, nikashika Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki. Unapita Nordbahnhof, unaenda tu na mstari wa tramu mpaka unakutana na Brunnenstraße, unageuka kulia kushuka Rosenthaler Platz. Mahali pa mikahawa, vijana wamejaa, kahawa bei ya pilau sahani mbili. Nyumba namba 193. Mlangoni, kwenye sakafu ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kibati cha shaba sentimita kumi kwa kumi. Berlin ina maelfu ya vibati hivi, msanii Gunter Demnig ndio aliyeanzisha kuvitega mbele ya nyumba walizoishi watu waliouawa na Manazi, kila mtu na chake. Wengi ni Wayahudi. Hiki hapa ni cha mtoto wa Dar es Salaam.

Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 1904 Dar, jina la kwao Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake askari wa jeshi la Wajerumani, na vita ya kwanza ilipofika na yeye akaingizwa akiwa kitoto cha miaka kumi tu. Baadaye akafanya kazi ya uhudumu kwenye meli, na 1929 akatua Berlin na jambo moja kichwani: kudai mshahara wa jeshi wa baba yake na wake ambao haukulipwa. Wizara ya mambo ya nje ikamjibu muda wa madai umepita. Basi akabaki. Akawa mhudumu Haus Vaterland, jumba la starehe maarufu pale Potsdamer Platz, akaoa mwanamke wa Kijerumani, wakapata watoto, akaigiza kwenye filamu zaidi ya ishirini, sehemu ndogo ndogo za boi na mpagazi, na chuo kikuu akawa anafundisha Kiswahili. Unaweza kufikiria? Berlin ya Hitler, na kuna darasa watu wanasoma "hujambo bwana" kutoka kwa mtu wa Dar. Filamu yake ya mwisho ya 1941 ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule tuliyemwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo akakamatwa, kosa lake kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Akapelekwa Sachsenhausen, kambi ya wafungwa ya Manazi, bila hukumu ya maana na akafia huko Novemba 1944.

Nilichuchumaa nikakisugua kibati kwa kidole cha glavu, kilikuwa na tope la theluji na vile vikokoto, jina likatoka vizuri. Nimemsomea Fatiha pale pale. Baiskeli ikanipigia kengele kwa hasira maana koti langu lilikuwa limetokeza huko njiani, Berlin ukigusa njia ya baiskeli hata malaika hakuokoi, nikasogea nikamalizia.

Na hakuwa wa kwanza kufundisha. Hii ndio sehemu ambayo kwa kweli shuleni hatukuambiwa, kwamba Kiswahili kinafundishwa Berlin tangu 1887, mwaka ilipofunguliwa ile Seminari ya lugha za mashariki, kwa ajili ya maofisa watakaokuja kututawala. Walimu wakaletwa kutoka pwani, kina Sleman bin Said na Amur bin Nasur wa Unguja, halafu 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye tunamdai shukrani kwa maandishi yake juu ya desturi za Waswahili. Mtoro naye akaoa Mjerumani, 1904, wakapanda meli kurudi nyumbani, na serikali ya kikoloni ikamkatalia kuingia na mkewe. Kwao kwenyewe! Wakageuza. Alifia Berlin 1927. Mi nilikuwa natembea nawawaza hawa watu na baridi yao, Amur bin Nasur na kanzu yake mwaka 1891 hakuna koti la kuazima. Mtu wa Unguja anaamka anakuta nje peupe, anavaa, anaenda darasani kufundisha ngeli.

Chakula hakikunisumbua. Kottbusser Tor na Neukölln ni Uturuki ndogo, nyama halali kila kona, na mkombozi wangu alikuwa supu ya dengu, wanaisaga mpaka inakuwa laini, wanaweka limau pembeni na mkate wa bure unaokula mpaka uombe msamaha. Mhudumu, baba mtu mzima, aliniletea chai kwenye kibilauri kidogo bila kuagiza. Nikasema hapana sijaomba, akafanya hivi kwa mkono, kunywa. Hayo ndio mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya siku ile. Berlin hakuna anayekusalimia na hakuna anayekushangaa, mwanzoni nilikuwa naingia kwenye lifti nasema habari za asubuhi watu wanashtuka kama nimewaomba hela. Baadaye unazoea, tena unaanza kupenda, hakuna anayekuuliza umeolewa na nani.

Ijumaa ndio niliswali Şehitlik, msikiti mkubwa wa Waturuki kule Columbiadamm, minara miwili, na pembeni makaburi yao ya tangu 1866. Hotuba sikuelewa kitu, lakini zulia lina joto na kina mama walinisogezea nafasi kwa mabega bila maneno, nikakaa mpaka vidole vikapata akili. Kutoka pale ukitembea kidogo kurudi upande wa Hermannplatz unafika mtaa mfupi tu wa kawaida, nyumba za ghorofa tano, magari yamefunikwa barafu, kibao kinasema Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, wa Moshi, nesi aliyeingia TANU akawa mbunge na naibu waziri enzi za mwanzo kabisa. Mpaka 2021 mtaa ule uliitwa Wissmannstraße, kwa jina la Hermann von Wissmann, ofisa aliyetumwa kuja kuvunja upinzani wa pwani na ambaye chini yake Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Nikapiga selfi na kibao, na simu ikafa.

Geti la Brandenburg nimeliona, ni kubwa, basi. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, vile vizuizi vya zege 2,711, theluji imekaa juu ya kila kimoja, ukiingia katikati sauti za barabarani zinapotea, nenda ukaione mwenyewe mi siwezi kuielezea. Nilichokuwa nakitafuta mimi kilikuwa mtaa wa pili tu, Wilhelmstraße 92. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la kansela Bismarck ambamo walikaa kugawana Afrika, 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, nchi 14, Mwafrika hakuna hata mmoja. Leo ni maghorofa ya makazi na mkahawa mmoja au miwili, na kibao cha maelezo ambacho watu wanapita wakikimbilia joto. Kilichonigusa ni zile tarehe. Novemba mpaka Februari. Kumbe walitukata wakati wa baridi kama hii hii niliyosimama nayo, wamekaa ndani kuna moto, kuna divai, nje giza saa kumi, wanaangalia ramani ya nchi za jua ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga. Na siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27, Kaiser akampa Carl Peters barua ya ulinzi kwa mikataba yake ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Siku moja! Wino wa mkutano haujakauka.

Siku ya Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, ukisahau kununua mkate Jumamosi unategemea vile viduka vya mtaani vya usiku vinavyouza bia na biskuti kwa bei ya kukomoa. Kwa hiyo Jumapili ni ya kutembea. Nikachukua U6 mpaka Wedding, kule wanakokuita Afrikanisches Viertel, mtaa wa Kiafrika, na unashuka kituo kinaitwa kabisa Afrikanische Straße. Mitaa imepewa majina tangu enzi za ukoloni na kuendelea, kuna Togostraße, Kameruner Straße, Ugandastraße, kuna Sansibarstraße, kuna Tangastraße. Tanga ya Berlin ni kimya, watu wanatembeza mbwa waliovaa makoti, hakuna hata muuza kahawa. Kulikuwa na Petersallee huko, ya Carl Peters, ikapewa hilo jina na Manazi 1939, miaka ya themanini watu wakalalamika, na jibu lao 1986 likawa kusema jamani sasa hivi huyu Peters ni mwingine, ni Hans Peters, mwanasiasa aliyewapinga Manazi. Bango lile lile! Hii kona hata wanasiasa wetu hawajaifikia. Ikabidi watu waendelee kudai mpaka 2024 ndio kipande kimoja kikawa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamama wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Nikasimama kona ya Maji-Maji-Allee na miguu haina hisia, nikampigia mjomba kwa video. Shikamoo mjomba. Marahaba mama, mbona umevimba hivyo, unaumwa? Sijavimba mjomba ni makoti. Nikamgeuzia kamera aone kibao. Akakisoma taratibu, Ma-ji Ma-ji, akaguna. Babu yake mjomba alikuwa anasimulia njaa ile, walikuwa wanachimba mizizi porini, mjomba amekua na hizo habari. Akauliza, sasa hao wanaokaa hapo wanajua ni nini? Nikamwambia wengine wanajua, ndio waliopigania jina libadilishwe. Akasema haya. Halafu akaniuliza kama theluji inalika.

Sehemu moja tu kwenye orodha yangu sikuenda, Sachsenhausen, alikofia Bayume Husen. Sio mbali, S1 mpaka mwisho Oranienburg halafu unatembea. Nilikuwa na muda na nilikuwa na tiketi, asubuhi ya mwisho nikafika hadi jukwaani nikasimama pale, treni ikaja ikafungua milango, nikasema hapana. Uhuru wote huu wa kutembea peke yangu nimeusifia na siufuti, ila kambini pale nataka mtu wa kwenda naye, mtu wa kurudi naye kwenye treni tukiongea Kiswahili mambo ya kipuuzi. Mdogo wangu anasema akipata viza mwakani tutaenda wote. Nimemwambia viza aanze kuomba sasa hivi, na koti nililoazima asiliwaze, mwenyewe ameshalidai.